Betri Inasingiziwa

Saa kumi na mbili jioni, Toyota Noah inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma inapita Mlandizi, na kwenye dashibodi inawaka taa ndogo nyekundu yenye mchoro wa betri. Dereva anaitupia jicho. Injini inavuta vizuri, kiyoyozi kinapuliza, redio inaimba. Anagonga kioo cha dashibodi kwa ukucha mara mbili, taa haizimiki, naye anakanyaga mafuta. Giza linapoingia anawasha taa kubwa. Kilomita chache kabla ya Chalinze mwanga wake umegeuka wa njano kama wa kibatari, feni ya kiyoyozi imelegea, redio inakatika na kurudi. Inawaka taa ya ABS, kisha ya mifuko ya hewa. Injini inakohoa mara mbili, tatu, halafu kimya. Usukani unakuwa mzito kama jiwe, na nyuma yake linakuja lori la mafuta.

Noah hiyo ni ya mfano, lakini madereva wa njia kuu, iwe ya Morogoro au ya Mombasa, wanaifahamu. Wakisimulia husema gari "lilizimika ghafla", na neno hilo moja linatosha kumpoteza fundi tangu mwanzo. Gari lile lilianza kufa Mlandizi, pale altaneta, mtambo unaozalisha umeme na kuichaji betri, ilipoacha kazi na taa nyekundu ikawaka. Kutoka pale lilikuwa linaishi kwa mkopo, na mkopeshaji alikuwa betri.

Hesabu ya mkopo huo haihitaji shahada. Betri ya gari la ukubwa ule huwa na ujazo wa ampea-saa 45 hivi. Pampu ya mafuta inakula ampea 5. Plagi, nozeli na kompyuta ya injini kwa pamoja, weka 10. Taa kubwa mbili za wati 55 zinachukua 9, na za nyuma pamoja na za dashibodi 3 au 4. Mlaji mkubwa ni kiyoyozi: klachi ya kompresa, feni ya ndani iliyofunguliwa mpaka mwisho na feni ya rejeta, zote pamoja si ajabu zifike ampea 20. Jumla inakaribia 50. Kwenye karatasi, betri mpya iliyojaa ingehimili dakika 55. Lakini ujazo ule ulioandikwa ubavuni hupimwa betri ikinyonywa taratibu kwa saa nyingi. Ikinyonywa kwa pupa, inatoa pungufu. Ukiongeza na umri wake, dakika 40 ni makadirio ya haki. Kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa, dakika 40 ndizo karibu zote zilizopo kati ya Mlandizi na Chalinze.

Dereva angezima kiyoyozi pale pale taa ilipowaka, angeingia Chalinze na chenji mfukoni, na pengine angemkuta fundi hajafunga.

Mwisho wenyewe una mpangilio wake. Volti ikishuka, vifaa vyenye kompyuta ndogo za usalama, kama ABS na mifuko ya hewa, hujipima, huona umeme hautoshi na hujitoa kazini. Ndiyo maana taa zao huwaka kabla injini haijatetereka. Nozeli nazo hufunguka kwa kuchelewa, na kompyuta inajaribu kufidia kwa kuziacha wazi muda mrefu zaidi. Pampu inazunguka kivivu, shinikizo la mafuta linapungua, cheche inakonda. Chini ya volti 10 hivi hakuna tena cha kufidia.

Wazee waliokuwa na Peugeot 504 hawana hadithi nyingi za namna hii, na si kwa sababu magari yao hayakuharibika. Gari la kabureta lilihitaji umeme kidogo tu wa koili ya cheche; mafuta yalivutwa na pampu iliyosukumwa na injini yenyewe. Land Cruiser za injini ya 1HZ, zile zinazozunguka mbugani, zina pampu ya dizeli ya kimakanika, na zikishawaka umeme unaohitajika hasa ni wa kishikizo kidogo kinachoacha dizeli ipite. Altaneta ikifa asubuhi, gari kama hilo linaweza kutembea mchana kutwa. Petroli ya kisasa imeufanya umeme kuwa sehemu ya mwako, kwa hiyo ugonjwa wa umeme sasa ni ugonjwa wa injini.

Altaneta yenyewe ni ya mshangao kidogo ukiiangalia kwa karibu. Ukubwa wake ni kama nanasi la wastani. Ndani kuna rota, sumaku ya umeme yenye kucha za chuma zinazopishana kama vidole vya mikono miwili, inayozungushwa na mkanda wa injini. Puli yake ni ndogo kuliko ya injini, hivyo injini ikiwa mizunguko 3,000 kwa dakika, rota inakwenda 8,000 na zaidi. Inazunguka ndani ya koili iliyotulia, iliyosukwa kwa nyaya za shaba, na humo ndimo umeme unamozaliwa. Tatizo ni kwamba unaozaliwa ni wa mkondo geu, unaokwenda na kurudi, na betri haiujui umeme wa hivyo. Inataka mkondo mnyoofu.

Kazi ya kuunyoosha inafanywa na dayodi. Kwa kawaida ni sita, kila moja ikiwa na punje ya silikoni ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Dayodi ni mlango wa upande mmoja: umeme unapita kwenda, haurudi. Sita zikipangwa sawasawa, mawimbi matatu ya umeme kutoka kwenye koili yanatoka yamelala upande mmoja.

Kabla ya hapo magari yalikuwa na dainamo, na waliokulia na baiskeli wanajua tabia ya kitu chenye jina hilo: ukikanyaga kwa nguvu taa inang'aa, ukipunguza inafifia. (Kichekesho ni kwamba dainamo ya baiskeli, kwa haki kabisa, ni altaneta ndogo, umeme wake ni mkondo geu.) Dainamo ya gari ilinyoosha umeme kwa kutumia vipande vya shaba vilivyosuguliwa na kaboni nene, na mzigo wote ulipita kwenye msuguano huo. Injini ikiwa sailensa haikuchaji kitu cha maana. Altaneta ilijulikana, lakini vinyoosha umeme vya wakati ule vilikuwa vikubwa na vya gharama, vikafungwa zaidi kwenye mabasi na magari ya polisi ya Marekani yaliyobeba redio. Silikoni ndiyo iliyobadilisha mambo. Kampuni ya Chrysler ilifunga altaneta kwenye gari lake dogo la Valiant la mwaka 1960, na kufikia modeli za 1961 ikaiweka kwenye magari yake yote ya Marekani. Washindani wakaiga katika miaka michache iliyofuata.

Kwa hiyo kuna kejeli ya aina yake katika kilichotokea nusu karne baadaye. Oktoba 2014, Chrysler hiyo hiyo iliita gereji magari karibu 470,000 ya miaka ya 2011 hadi 2014: Jeep Grand Cherokee, Dodge Charger, Challenger na Durango, pamoja na Chrysler 300, yenye injini ya lita 3.6 na altaneta ya ampea 160. Altaneta zilikuwa zinakufa na magari yanazimika yakiwa barabarani. Julai 2017, kampuni ikiwa sasa ni Fiat Chrysler, yaliitwa mengine kama 565,000 duniani kote kutoka katika majina hayo hayo, zaidi ya 442,000 yakiwa Marekani kwenyewe. Safari hii maelezo yalikuwa ya wazi: joto la mazingira linaweza kuzichosha dayodi kabla ya wakati wake. Dalili zilizotajwa ni harufu ya kuungua, moshi, ABS kutofanya kazi, na injini kuzimika.

Kwa nini punje ya silikoni ichoke? Umeme ukipita kwenye dayodi hupoteza karibu volti moja, na katika altaneta lazima upite dayodi mbili kila safari. Altaneta ikitoa ampea 160, volti hizo mbili zinageuka kuwa joto la wati 300 hivi ndani ya kipande cha bati ukubwa wa kiganja. Ni kama kufungia balbu tatu za kizamani za wati 100 ndani ya kopo, kisha kuliweka kopo hilo ubavuni mwa injini. Gari likizimwa, vyote vinapoa. Silikoni, risasi ya kuungia na chuma kinachoishikilia havitanuki kwa kipimo kimoja vinapopata moto, wala havinywei kwa kipimo kimoja vinapopoa. Kila safari ya dukani ni mvutano mmoja. Baada ya maelfu ya mivutano hiyo, kiungo kinapasuka.

Na dayodi ina namna mbili za kufa, jambo ambalo mafundi wengi wa vijiweni wanalijua kwa uzoefu hata kama hawalitaji hivyo. Ya kwanza ni kukatika. Mlango umejifunga pande zote mbili, altaneta inabaki na tano, na uwezo wake unapungua. Mchana, bila kiyoyozi, zilizobaki zinatosha. Volti inasoma 14, taa nyekundu haiwaki, mwenye gari hana habari. Usiku, mvua ikinyesha, taa, waipa na feni vikiwa kazini pamoja, upungufu unajitokeza. Namna ya pili ni mlango kubaki wazi pande zote. Hapo umeme wa betri unavuja kurudi kwenye koili usiku kucha, gari likiwa limelala uani. Asubuhi halina nguvu. Linashtuliwa na betri ya jirani, linawaka, kesho yake tena halina nguvu, na wiki hiyo hiyo mwenye gari ananunua betri mpya.

Ndiyo maana kwenye meza za mafundi umeme, Gerezani jijini Dar es Salaam au kule Grogan, Nairobi, ungetarajia kipimo cha kwanza kiwe cha dayodi. Mara nyingi sicho. Kipimo kinachopendwa ni kuwasha injini, kulegeza nati na kuchomoa terminali ya betri. Gari likiendelea kuunguruma, altaneta inahukumiwa kuwa nzima, likizimika, mbovu. Kinapendeza kukitazama, hakihitaji kifaa, na mteja anaelewa bila tafsiri. Ni urithi wa enzi za dainamo na magari yasiyo na kompyuta.

Kwa altaneta ni hatari. Betri, zaidi ya kuhifadhi umeme, ni kama bwawa linalotuliza maji ya mto. Ukiiondoa wakati altaneta inasukuma ampea 30 au 40, umeme ule unakosa pa kwenda. Rota ni sumaku kubwa. Haiwezi kupoteza nguvu zake papo hapo hata regyuleta, kidhibiti cha volti, ikiamuru. Kwa sehemu ndogo ya sekunde volti inaruka kutoka 14 hadi makumi ya volti. Anayepokea kishindo hicho ni dayodi, regyuleta na kompyuta ya injini. Gari liliingia gereji na kaboni ya altaneta iliyokwisha, kitu cha bei ndogo kabisa, likatoka na dayodi iliyojeruhiwa. Na kwa kuwa majeraha ya dayodi huchukua wiki au miezi kuonekana, hakuna atakayemkumbuka fundi aliyeshika spana siku ile.

Kipimo cha haki ni cha mita ya kawaida, ile ya rangi ya njano inayouzwa kila duka la vifaa vya umeme. Injini ikiwa imezimwa na gari limepumzika, betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.5. Kisha unakuja ule upande unaorukwa na wengi: washa taa kubwa, feni mpaka mwisho na kipasha joto cha kioo cha nyuma, mtu akanyage mafuta mpaka mizunguko 1,500 au 2,000, usome tena. Ikianguka chini ya 13, altaneta inajua kusimama ila haijui kubeba. Mwisho, geuza kitufe cha mita kwenye mkondo geu na upime pale pale kwenye nguzo za betri. Dayodi zikiwa nzima, kinachosomeka ni kidogo mno. Ikifika nusu volti, kuna mlango uliovunjika, na mawimbi yanavuja kwenda kwenye betri yakiwa hayajanyooshwa. Mara nyingi redio inakuwa imeshatoa taarifa: ule mlio mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na injini.

Magari mapya yametibua kidogo hesabu hizi. Kwenye baadhi yake kompyuta ndiyo inayoamua altaneta ichaji kiasi gani ili kuokoa mafuta, hivyo kusoma volti 13 dakika fulani si lazima iwe kasoro. Toyota Prius na Aqua hazina altaneta kabisa. Betri yao ndogo inachajiwa kutoka kwenye betri kubwa kupitia kigeuza umeme. Fundi anayeitafuta altaneta ya Aqua ataitafuta mpaka jioni.

Altaneta ikifunguliwa mezani, inajieleza. Kaboni mpya hutokeza milimita 10 hivi kutoka kwenye nyumba yake. Iliyobaki milimita 1 au 2 haigusi vizuri pete za shaba za rota, na gari linakuwa na tabia ya kuchaji likipita kwenye matuta na kuacha kuchaji kwenye lami laini. Kaboni hizi hubeba ampea chache tu za kuamsha sumaku, tofauti na zile za dainamo, kwa hiyo zina haki ya kuishi miaka mingi. Zikifa mapema kuna kilichoziua, na mara nyingi kinaonekana kwa macho: oili inayodondoka kutoka kifuniko cha injini au paipu ya usukani, ikachanganyika na unga wa kaboni na kuwa tope jeusi. Kufunga altaneta nyingine bila kuziba oili hiyo ni kumhamishia mgonjwa mpya kitanda cha marehemu.

Kuosha injini kwa pampu ya presha nako kumeua nyingi. Altaneta ina matundu makusudi ili ipumue, na maji ya presha yakiingia na sabuni yanasukuma uchafu ndani ya beringi na kwenye sahani ya dayodi.

Halafu kuna suala la mzigo, na hapa matatu za Nairobi zinastahili aya yao. Gari liliondoka kiwandani na altaneta iliyopimwa kwa taa zake, feni yake na redio yake moja. Likifika mjini linafungwa skrini, taa za rangi ndani na nje, na vipaza sauti vinavyotikisa vioo vya maduka. Kikuza sauti cha wati 1,000 kwa volti 14 kinadai zaidi ya ampea 70 kikifanya kazi kwa nguvu zake zote, yaani karibu altaneta nzima ya gari dogo. Wenye magari hayo huongeza betri ya pili, nayo inasaidia muziki usikatike, lakini betri haizalishi kitu. Ni mdomo mwingine mezani. Anayelipa ni zile dayodi sita, kwenye foleni, mchana wa jua kali, gari likiwa halitembei na feni ya altaneta inazunguka polepole.

Inafaa kukiri kwamba si kila kuzimika kunatoka kwenye altaneta. Mkanda ukikatika, taa nyekundu inawaka mara moja, na kwenye injini za familia ya NZ, zile za Vitz na IST, mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji. Hapo suala si umeme tena, ni sindano ya joto, na kusimama ni jambo la dakika. Kihisi cha kranki kikifa, injini inazima kama iliyopulizwa, bila taa kufifia kwanza. Pia upo mkasa wa swichi ya kuwashia ya General Motors uliolipuka mwaka huo huo wa 2014: swichi iliyokuwa laini kupita kiasi, funguo nzito au goti likiigusa inajigeuza, injini inazima na mifuko ya hewa nayo inanyimwa umeme. Wimbi la kwanza lilihusu magari milioni 2.6, na mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa yeyote kule Marekani kusema kwamba gari kuzimika njiani ni usumbufu tu.

Kutofautisha ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Gari likishazimika, geuza ufunguo. Stata ikizungusha injini kwa nguvu lakini haiwaki, umeme upo, tafuta mafuta au kihisi. Ikitoa tik-tik-tik na taa za dashibodi zikafa, betri imekauka. Na betri haikauki gari likiwa linatembea isipokuwa aliyepaswa kuijaza ameacha kazi.

Turudi kwa Noah. Breki bado zilikuwa na pumzi ya kukanyaga mara mbili tatu, dereva akalitoa gari lami, abiria wakashuka upande wa majani. Likavutwa mpaka Chalinze. Kijana mmoja akageuza ufunguo, akasikia tik-tik-tik, akatoa hukumu kabla hajafungua boneti: betri imekufa, mzee. Betri mpya ikapatikana, bei ikapatanwa, ikafungwa kwa mwanga wa simu. Injini ikashika kwa jaribio la kwanza, taa zikang'aa mpaka ng'ambo ya barabara, watu wakapanda na kiyoyozi kikafunguliwa tena.

Ni saa tatu usiku. Taa nyekundu bado inawaka, na Morogoro ni zaidi ya kilomita 80.